Mgonjwa na Aulizwe Uji

Wazee wetu walituachia methali isemayo kwamba mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ya kwanza ni njema, wala sina ugomvi nayo. Mtu aliyelala kitandani akitetemeka kwa homa hana nguvu za kuomba, na pengine ana haya ya kuomba. Basi mwenye huruma hangoji kuambiwa. Huteka maji, huwasha moto, hukoroga unga, akamletea. Uji ni kitu cha rehema. Asiyeutaka huuacha bakulini ukapoa, na mambo yakaishia hapo.

Lakini methali, msomaji, ni kama kisu cha jikoni: kikitoka jikoni kikashikwa na mkono mwingine, huenda kikafanya kazi ambayo mhunzi hakuikusudia. Methali hii leo imetolewa jikoni. Imeingizwa hospitalini, ambako mgonjwa haulizwi mguu wake ukikatwa. Imeingizwa katika mambo ya ardhi, ambako mzee haulizwi shamba lake likigawanywa. Imeingizwa majumbani, ambako bibi kizee haulizwi kama anataka kuhamishwa kutoka nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe kwenda kukaa chumba cha nyuma mjini. Kila mahali neno ni lile lile: huyu ni mgonjwa, huyu ni mzee, akili yake imekwenda, tuamue sisi. Insha hii inasimama kulipinga neno hilo. Nasema kwamba mgonjwa na aulizwe; na kwamba mtu asihukumiwe kuwa hawezi kuamua mambo yake mpaka upimwe uwezo wake katika jambo lile lile linaloamuliwa, kwa mizani ya haki, na kwa mkono wa mtu asiye na tamaa katika matokeo.

Mwenye kushika mizani hiyo, mara nyingi, ni daktari wa familia. Simsemi daktari bingwa anayemwona mgonjwa mara moja katika chumba cha upasuaji, wala hakimu anayeletewa shauri likiwa limekwisha kuiva. Namsema yule ambaye nyumba nzima humwendea kwa homa ya mtoto, kwa mgongo wa mama na kwa kisukari cha babu. Anayeitambua sauti ya mgonjwa hata kabla hajaketi. Hapa Kenya udaktari wa familia ulianza kufundishwa kama taaluma ya juu mwaka 2005 katika Chuo Kikuu cha Moi, na waliohitimu bado ni wachache kwa nchi kubwa kama yetu. Kwa hiyo vijijini kazi yao aghalabu hufanywa na matabibu na wauguzi wa zahanati. Jina la cheo si kitu. Siku jamaa watakapouliza, "Je, mzee huyu ana akili za kuamua?" yeyote atakayejibu swali hilo amekuwa hakimu, apende asipende.

Tuanze na maana, kwa kuwa ugomvi mwingi huzaliwa na maneno yasiyofafanuliwa. Uwezo wa kuamua si elimu. Si werevu wa sokoni wala ujuzi wa hesabu za benki. Sheria ya Uingereza na Wales juu ya jambo hili, iliyotungwa mwaka 2005 na kuanza kutumika mwaka 2007, imetaja mambo manne. La kwanza, mtu aweze kuzifahamu habari zinazohusu uamuzi uliopo mbele yake. La pili, aweze kuzishika habari hizo kichwani kwa muda wa kutosha kuamua. Hata kama atazisahau baadaye, hilo peke yake halimtoi. La tatu, aweze kuzipima, ajue hili lina faida gani na lile lina hasara gani. La nne, aweze kuutoa uamuzi wake nje, kwa ulimi, kwa mkono, kwa kalamu, au hata kwa kupepesa jicho. Mtu akishindwa na moja katika manne haya, kwa sababu ya hitilafu ya akili au ubongo, ndipo husemwa kwamba hawezi kuamua jambo lile.

Na kabla ya manne hayo sheria hiyo imeweka msingi wake: kila mtu mzima ahesabiwe kuwa anaweza, mpaka ithibitike kuwa hawezi. Mzigo wa kuthibitisha uko juu ya anayekana uwezo wa mwenzake, hauko juu ya yule anayekanwa. Tena mtu asihesabiwe kuwa hawezi mpaka awe amesaidiwa kwa kila njia iwezekanayo ili aweze, na msaada huo ushindwe. Wala asihukumiwe kwa umri wake wala kwa sura yake peke yake. Kwa hiyo mvi si ushahidi. Mkono unaotetemeka si ushahidi. Nguo iliyochakaa na maneno ya polepole si ushahidi.

Huenda ukasema kwamba hayo ni maneno mazuri ya vitabuni, lakini mtu mwenye wazimu uliothibitishwa atapimwaje tena? Nitakujibu kwa habari ya kweli. Mwaka 1993 lilifikishwa mbele ya hakimu Thorpe, huko Uingereza, shauri la mtu aliyeitwa mahakamani kwa herufi moja tu, C. Alikuwa na umri wa miaka 68, naye alikuwa amefungiwa katika hospitali ya Broadmoor, wanakowekwa wahalifu wenye maradhi ya akili. Alikuwa na skizofrenia, na moja ya mawazo yake lilikuwa kwamba yeye mwenyewe amepata kuwa daktari mkubwa wa sifa duniani. Mguu wake uliingia donda ndugu. Daktari wa upasuaji alimwambia kwamba bila kukatwa mguu chini ya goti nafasi yake ya kupona ni kama 15 katika 100. Mzee yule alikataa. Alikubali donda lisafishwe na apewe dawa, lakini mguu usikatwe. Hospitali ilipokataa kumwahidi kwamba hautakatwa siku za mbele bila ya ridhaa yake, alikwenda mahakamani.

Hakimu hakuuliza kama mzee huyu ni mwendawazimu. Hilo lilijulikana na kila mtu. Aliuliza jambo jingine: je, amefahamu alilolielezwa juu ya mguu wake? Ameliamini? Amelipima akaamua? Akaona kwamba amefahamu kuwa huenda akafa, na amechagua huku akijua. Basi akaamuru kwamba mguu usikatwe bila ya ridhaa yake yeye mwenyewe. Na mzee yule hakufa kwa donda lile. Lakini hata kama angalikufa, hukumu ingalibaki kuwa ya haki, kwa sababu swali halikuwa kama amechagua vizuri. Swali lilikuwa kama aliyechagua ni yeye.

Hapa ndipo lilipo kosa la kwanza ninalolipinga. Watu wengi hudhani kwamba akili ni kama taa: imewaka au imezimika. Kwa hakika akili ni kama nyumba yenye vyumba vingi, na paa la chumba kimoja laweza kuvuja huku vingine vikiwa vikavu. Waingereza walilijua jambo hili tangu mwaka 1870, katika shauri la wasia wa John Banks. Mtu huyu alipata kufungiwa katika nyumba ya wenye wazimu, naye aliamini kwamba marehemu mmoja anamwandama na kwamba pepo wabaya wanamsumbua. Hata hivyo aliandika wasia akampa mali yake binti wa ndugu yake aliyekaa naye. Wasia ule ulipopingwa, mahakama iliuthibitisha. Ilisema kwa jumla kwamba maadamu mtu anajua kuwa anaandika wasia, anaijua mali yake, na anawajua wale wanaostahili kufikiriwa, na maadamu mawazo yake ya ugonjwa hayakuugusa uamuzi ule, basi uamuzi ni wake. Mahakama za Kenya nazo huitaja hukumu hiyo mpaka leo.

Kwa hiyo tabibu akiulizwa, "Je, Mzee ana akili?" na arudishe swali: "Akili za kuamua nini?" Mzee aliyeshikwa na ugonjwa wa kusahau huenda asiweze kuelewa mkataba wa mkopo wenye kurasa kumi, na bado akajua vizuri kabisa kwamba hataki kulala hospitalini, au kwamba anataka kuzikwa karibu na mkewe. Tena na aulize, "Lini?" Wagonjwa wengi wa kusahau huwa na nuru asubuhi na giza jioni, anayekwenda kuwapima magharibi, wakati wamechoka, amechagua jibu kabla ya kuuliza swali.

Na kabla ya kuandika kwamba akili imekwenda, na atafute kwanza kama imefichwa. Mzee aliyekuwa mzima juzi na leo anapayapaya huenda hana wazimu hata kidogo. Huenda ana malaria, au maradhi ya njia ya mkojo, au sukari imeshuka mwilini, au maji yamempungua, au dawa mbili alizopewa zinagombana. Mtibu kwanza, kisha mpime. Yuko mwingine ambaye haelewi kwa sababu hasikii, na ambaye angalielewa yote kama msemaji angalimkaribia na kupaza sauti. Yuko mwingine ambaye miwani yake imeachwa nyumbani. Na yuko bibi aliyezaliwa akisema Kipokomo au Kigiriama, akaishi nacho miaka themanini, kisha akaulizwa mambo ya uhai na mauti kwa Kiingereza. Aliponyamaza ikaandikwa kwamba hafahamu. Ni nani hapo asiyefahamu? Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 imeagiza kwamba mgonjwa aelezwe hali yake, njia za matibabu, faida na hatari zake, na haki yake ya kukataa. Tena aelezwe kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayolingana na kiwango chake cha kusoma. Kuelezwa kwa lugha yake si fadhila anayofanyiwa bibi yule. Ni haki yake.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, kwa sababu ndani yake mna tamaa. Ni kosa la kudhani kwamba anayeamua vibaya hawezi kuamua. Wahenga walisema kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Vijana huoa wasiowafaa, hununua pikipiki wasizoweza kulipia, huacha kazi njema kwa hasira ya siku moja. Na hakuna awapelekaye kwa daktari wapimwe. Lakini mzee wa miaka themanini akisema kwamba ekari mbili za bondeni atampa binti yake mjane aliyemuuguza, badala ya wana wake walioko mjini, mara husikia kwamba amerukwa na akili. Kikao huitwa. Gari hukodiwa. Mzee hupelekwa kwa daktari, wala haambiwi anapelekewa nini. Na mwana wa kwanza ndiye anayemsemea tangu mlangoni hadi mwisho. Baada ya dakika kumi hutoka karatasi yenye muhuri. Karatasi ile ni nyepesi kuliko jani la mgomba, lakini inabeba shamba, nyumba, na heshima ya mtu aliyewalea wote waliomo katika gari lile.

Kila mwamba ngozi huvutia kwake. Silaumu wana kwa kutaka urithi, kwa maana kutaka ni tabia ya binadamu. Nalaumu kuuvisha urithi joho la matibabu. Mgogoro wa shamba na uitwe mgogoro wa shamba, upelekwe kwa wazee na mahakamani, ambako mzee atasimama ajitetee. Usigeuzwe kuwa ugonjwa. Na daktari atakayekubali kukiandika cheti cha namna hiyo bila ya kupima, hata kama hakupokea senti, ametoa kwa kalamu kile ambacho mwizi hutoa kwa panga.

Sheria yetu yenyewe haiko upande wa waharakishaji. Kwa Wakenya ambao mirathi yao haiongozwi na sheria ya Kiislamu, Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inasema katika kifungu cha 5 kwamba mwandika wasia huhesabiwa kuwa na akili timamu, isipokuwa kama wakati wa kuandika alikuwa katika hali ya kutojua anachokifanya. Na kwamba anayedai kuwa hakuwa na akili ndiye anayepaswa kuthibitisha. Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 27, imekataza mtu kubaguliwa kwa umri wake, kwa hali ya afya yake au kwa ulemavu wake. Na katika kifungu cha 57 imewapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila ya kudhulumiwa. Katiba haikusema kwamba haki hizo hukoma mtu anapoanza kusahau majina ya wajukuu.

Kosa la tatu halionekani upesi, nalo nataka ulitazame kwa makini. Ni lini jamaa au madaktari hutilia shaka akili ya mgonjwa? Wakati anapokataa. Akikubali kukatwa, akikubali kutiwa sahihi, akikubali kuhamishwa, hakuna aulizaye kama amefahamu. Kichwa kikiinama, ni mtu mwenye busara. Kikitikisika, ni mtu aliyechanganyikiwa. Je, hiyo ni mizani? Mizani gani yenye sahani moja? Mgonjwa anayeitikia kila neno huenda haelewi hata moja. Huitikia kwa hofu, au kwa adabu, au kwa sababu amechoka. Daktari mwadilifu humpima anayekubali kama anavyompima anayekataa. Humwambia, "Mzee, hebu nieleze kwa maneno yako mwenyewe nimekuambia tufanye nini, na kwa nini." Swali hili moja huchukua dakika tatu, na hufichua mambo ambayo sahihi kumi haziyafichui.

Sasa nisikilize hoja za wapinzani, maana si haki kumshinda mtu asiyepewa nafasi ya kusema.

Wa kwanza husema: "Foleni ni ndefu. Tabibu mmoja ana wagonjwa wengi nje. Atapata wapi muda wa kumbembeleza mzee mmoja aeleze mawazo yake?" Naikubali taabu hiyo, yeyote aliyekaa kwenye benchi la zahanati anaijua. Lakini uchache wa muda ni sababu ya kutoharakisha cheti, si sababu ya kukiharakisha. Asiye na muda wa kupima na aseme, "Sijapima, mrudisheni Jumanne asubuhi." Seremala asiye na muda wa kupima mbao haambiwi akate tu. Seuze tabibu, ambaye akikosea haharibu mbao!

Wa pili husema: "Uhai ni bora kuliko uhuru. Mnataka watu wafe kwa ukaidi wao?" Hoja hii ni nzito, na mwenye huruma hawezi kuipuuza. Basi tutofautishe. Mtu aliyeletwa hajitambui, damu ikimtoka, haulizwi. Huokolewa kwanza, na Katiba yetu katika kifungu cha 43 inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Mtu ambaye ugonjwa umemwondolea kweli uwezo wa kupima, anayekataa maji kwa sababu sauti zinamwambia kwamba yana sumu, naye hastahili kuachwa aangamie kwa jina la uhuru. Kumwacha huyo si kumheshimu, ni kumtupa. Hapo wanaomsimamia na waamue kwa faida yake, wakiangalia aliyoyapenda na kuyaamini alipokuwa mzima, na wakichagua njia isiyombana kuliko inavyolazimu. Ndiyo maana kipimo kinahitajika. Kinamlinda anayeweza asinyang'anywe, na kinamlinda asiyeweza asitupwe. Asiyetaka kupima humkosea huyu na yule pamoja. Ama mtu anayefahamu, anayepima, na bado akakataa, huyo hatumwui kwa kumheshimu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Daktari anajua nini kisu kitafanya mguuni. Hajui maisha bila ya mguu yatakuwa nini kwa mkulima wa mteremkoni, anayeishi peke yake na kuteka maji mtoni.

Wa tatu husema: "Hayo ni mambo ya kizungu. Sisi Waafrika hatuamui mmoja mmoja; mtu ni watu, na ukoo ndio unaoamua." Hoja hii hupendwa sana na wale ambao ukoo umewachagua kuwa wasemaji wake. Mimi nauheshimu ukoo kuliko wao, kwa hiyo nauliza: katika baraza la wazee, anayekaa mbele ni nani, anayesikilizwa mwisho ni nani? Tulifundishwa kwamba penye wazee haliharibiki neno, na kwamba jungu kuu halikosi ukoko. Ni desturi ya kabila gani inayomtoa mzee nje ya kikao kinachozungumzia shamba lake mwenyewe? Ukoo mwema humzunguka mgonjwa. Humkumbusha alichosahau, humfafanulia asichokielewa, humshika mkono akiogopa. Kisha hunyamaza ili aseme. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na Kenya mwaka 2008, unafuata njia hiyo hiyo: mtu asaidiwe kuamua, kabla ya kufikiri kumwamulia. Kumsaidia mtu kuamua ni desturi yetu ya zamani. Kumwamulia na kumficha ndiko kugeni kwetu.

Basi daktari wa familia afanyeje? Anayo faida ambayo daktari mgeni hana: amemjua mgonjwa miaka mingi. Anajua kwamba Mzee huyu siku zote alikuwa mbishi, kwa hiyo ubishi wake wa leo si dalili ya ugonjwa. Anajua kwamba Nyanya yule siku zote alichukia sindano, hata alipokuwa na miaka arobaini. Lakini faida hiyo ina hatari pacha. Amewajua wana pia. Huenda mmoja wao ndiye anayelipa gharama za matibabu, huenda husali au hucheza bao pamoja. Kwa hiyo na ajiwekee miiko. Amwone mgonjwa peke yake, mlango umefungwa, walau kwa sehemu ya mazungumzo. Amwambie wazi anapimwa kwa nini. Ajue ni uamuzi gani unaoulizwa, na ni nani atakayefaidika na kila jibu. Aandike maneno ya mgonjwa kama yalivyotoka, si muhtasari wa mwana wa kwanza. Akiwa na shaka, ampime tena siku nyingine, au amwite mwenzake, au ampeleke kwa bingwa wa maradhi ya akili. Na likizidi, liende mahakamani. Na akiona kwamba mzee anaweza, aandike hivyo kwa wino usiofifia. Mwaka 1975 hakimu Templeman wa Uingereza alitoa shauri kwamba wasia wa mtu mzee sana au mgonjwa sana ushuhudiwe na daktari aliyeridhika na uwezo wake, naye aandike aliyoyaona. Ni shauri jema hata kwetu, kwa maana kalamu ile ile inayoweza kumpokonya mzee sauti yake yaweza kuilinda sauti hiyo baada ya yeye kufa.

Nimeyasema haya kwako, mwanafunzi, ijapokuwa huna cheti cha udaktari wala hatimiliki ya shamba, kwa sababu kazi hii imekwisha kukufikia. Wewe ndiwe unayeombwa ruhusa shuleni umsindikize Nyanya hospitalini. Wewe ndiwe unayekaa kati ya kiti chake na meza ya tabibu, kwa kuwa unajua Kiingereza na Kiswahili, na yeye ana lugha ya nyumbani tu. Tabibu anapouliza, macho yake hukutazama wewe, na ni rahisi mno kujibu mwenyewe: "Anasema ni sawa." Je, amesema? Mwulize. Mgeukie, mwambie alilolisema tabibu lote, la kupendeza na la kutisha, usipunguze kwa huruma wala usiongeze kwa haraka. Ngoja anyamaze anavyotaka kunyamaza. Kisha upeleke jibu lake kama lilivyo, hata kama ni hapana, na hata kama wewe ungalipenda liwe ndiyo.

Kesho baadhi yenu mtakuwa matabibu, mawakili, mahakimu, na nyote, Mungu akijalia, mtakuwa wazee. Mtu hajifunzi uadilifu siku anapokabidhiwa muhuri. Siku hiyo hutumia tu ule aliojifunza zamani, alipokuwa mkalimani wa bibi yake. Mpelekeeni mgonjwa uji, tena uwe moto. Lakini mkiwa mmeshika bakuli mkononi, mwulizeni kama anautaka, na mngoje jibu.